Kuishi na pesimeka: majuma ya kwanza na kazi ya kanisa



Katika parokia zetu za mashariki tunaanza kukutana na wakristo waliotoka kutibiwa Kampala, Kigali, Nairobi au Kinshasa, nao wana mashini ndogo kifuani inayoitwa pesimeka. Wanarudi na shukrani, na pia na maswali. Je, nitalima tena? Simu itaizima? Je, kuikubali ni kukosa imani? Hospitali iko mbali, na mara nyingi maelezo yalitolewa katika lugha ambayo mgonjwa haifahamu vizuri. Basi tumekusanya hapa mambo ya lazima kwa ajili ya mgonjwa, jamaa yake, na wachungaji na mashemasi wanaomtembelea. Kama daktari wako amekuambia tofauti, umfuate yeye.

Pesimeka ni nini?

Moyo unapiga kwa nguvu ndogo ya umeme ambayo Muumba aliiweka ndani yake. Kwa watu fulani njia ya umeme huo inaharibika. Moyo unapiga polepole sana au unasimama kidogo, na mtu anapata kizunguzungu, anachoka bure, anazimia njiani. Pesimeka ni kisanduku kidogo cha chuma chenye uzito wa gramu 20 hadi 50. Kinawekwa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Waya moja au zaidi zinapita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Mashini inasikiliza: moyo ukipiga vizuri inanyamaza, ukichelewa inauamsha.

Mtu wa kwanza kuwekewa pesimeka nzima ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, huko Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20, lakini aliishi mpaka mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Batri za leo zinadumu miaka 5 hadi 15 hivi, kadiri moyo unavyozitumia. Hazichajiwi, na umeme wa mtaa ukikatika hakuna kinachobadilika kifuani.

Tukumbuke pia jambo ambalo haifanyi: haishushi tansiyo, wala haiponyi magonjwa mengine ya moyo. Dawa ambazo daktari aliandika zinaendelea.

Majuma sita ya kwanza

Huu ndio wakati wa hatari zaidi, kwa sababu waya bado hazijashikamana vizuri na moyo. Mkono ukivutwa kwa nguvu, waya inaweza kutoka mahali pake, na mgonjwa atarudishwa kupasuliwa. Kwa majuma 4 hadi 6:

- Usiinue kiwiko cha upande ule kupita bega.
- Usibebe kitu kinachozidi kilo 5 hivi. Bidoni ya maji ya litri 20 ni marufuku.
- Usilime, usipasue kuni, usitwange sombe, usivute nyavu ziwani.
- Usibebe mtoto wala mzigo mgongoni kwa kamba au kitenge kinachopita juu ya jeraha.
- Jeraha likae kavu mpaka lipone, na mtu asiligusegusa.

Lakini mkono usifungwe kabisa. Bega lisilotikisika linakauka na kuuma. Kunja kiwiko, fungua vidole, zungusha bega polepole chini ya kiwango kile. Tembea kila siku. Jeraha likipona, mume na mke wanaweza kurudia maisha ya ndoa bila woga. Mashini haimdhuru mwenzako.

Rudi hospitali upesi ukiona wekundu, uvimbe, usaha au homa, ukizimia au kizunguzungu kikirudi, ukikosa pumzi, mkono ukivimba, au ukipata kwikwi isiyokoma, kwa maana waya inaweza kuwa imehama.

Simu, bafle na jenereta

Simu haikatazwi. Iweke mbali na mashini kwa sentimita 15 au zaidi, na usikilize kwa sikio la upande mwingine. Mama zetu wanaozoea kuficha simu kifuani ndani ya nguo watafute mahali pengine.

Bafle za kanisani zina sumaku kubwa. Mwimbaji anaweza kusimama kwaya kama zamani, lakini asikumbatie bafle kifuani akiihamisha, wala asiiegemee. Jenereta ikiwaka, asiiinamie kuitengeneza. Hatua moja au mbili inatosha. Kuchomelea vyuma ni kazi ya kuulizia daktari kwanza. Anayeendesha pikipiki asianze tena bila ruhusa yake, hasa kama alikuwa anazimia. Redio, televisheni na pasi ya nyumbani hazina shida.

Kila mara unapofika kwa daktari, hata wa meno, sema kwanza: nina pesimeka. Picha za IRM na vifaa fulani vya upasuaji vinahitaji maandalizi.

Kadi na miadi

Ukitoka hospitali unapewa kadi yenye jina la kiwanda na namba ya mashini yako. Itunze pamoja na kadi ya uchaguzi, na uache kopi kwa jamaa. Kila kiwanda kina kifaa chake cha kupimia. Bila kadi, daktari mwingine hatajua atumie kipi. Kwenye uwanja wa ndege unaionyesha, unapita mlangoni bila kusimama, na unaomba wasikushikie kile kifaa cha mkono juu ya kifua.

Kipimo cha kwanza kinafanywa baada ya miezi 2 au 3, halafu mara moja au mbili kwa mwaka. Huko wanaona batri imebakiza nini, miezi kadhaa kabla haijaisha. Anayeacha miadi kwa sababu anajisikia vizuri anaweza kushtukia batri imekwisha.

Maswali ya imani

Kuna wanaoambiwa na ndugu wa chumba cha maombi: Mungu amekuponya, hiyo mashini na dawa ni za nini tena? Tunasema wazi kwamba shauri hilo linaweza kuua. Isaya alimwombea Hezekia, na pia aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Luka alikuwa mganga, na Paulo alimwita mpendwa. Tuombe kwa bidii, bila kukandamiza mkono juu ya kifua cha mgonjwa. Mwenye dawa za moyo asianze kufunga kabla ya kumwuliza daktari. Na wanaoogopa kwamba mashini itamzuia mtu kufa saa ya Bwana ikifika, wasiogope: haina uwezo huo.

Kazi ya kanisa

Mama anayeishi kwa jembe lake hawezi kukaa majuma sita bila kulima kama hakuna wa kumlimia. Kumwambia apumzike bila kumpelekea chakula ni maneno matupu. Musa alipochoka mikono kule Refidimu, Haruni na Huri waliishikilia mpaka jua likatua. Umoja wa Mama upange zamu ya maji na shamba. Vijana wapasue kuni. Mashemasi waandike tarehe ya miadi na kukusanya feza ya safari mapema, kwa maana njia zetu ni ndefu na mara nyingine zinafungwa na vita.

Majuma yale yakiisha na daktari akikubali, tumrudishie kazi yake. Wengine wanaendelea kumwita mgonjwa mwaka mzima, wanamnyima jembe, kiti cha kwaya, hata neno katika baraza. Hilo nalo linamwumiza. Alipewa mashini ili aishi, basi tumwache aishi.

Bwana awatie nguvu.