Toka ku mchezo mpaka ku kazi: historia ya Linux kwenye konsoli za mkononi



Leo tuongee historia ya vifaa ambavyo watu wengi wanaviita vya watoto: konsoli za mkononi, zile mashini ndogo za kuchezea michezo ya video. Tangu miaka karibu 20 kuna watu wanaozifungua, wanaweka Linux ndani, na kuzigeuza kompyuta kamili yenye madirisha, programu ya kuandika na intaneti. Mtu anaweza kuuliza: ya nini? Kama unataka kompyuta, nunua kompyuta. Swali hilo ni la haki. Lakini ukifuata historia yenyewe utaona kwamba watu hawakuwa wanabishana juu ya michezo. Walikuwa wanabishana juu ya nani ni mwenye mashini: ule aliyeitengeneza ao ule aliyeinunua.

KUFULI IKO WAPI?

Tuanze na jambo moja la ufundi, juu bila hilo historia yote haieleweki. Konsoli ni kompyuta. Ndani iko na prosesa, memwari, ekrani, batri na fasi ya kuhifadhi data, sawa na mashini unayoandikia TFC yako. Tofauti iko ku kufuli. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, chipu inasoma kwanza programu ndogo iliyochapwa ndani yake kiwandani. Programu hiyo inaangalia kama mfumo unaotaka kuanza uko na sahihi ya kampuni. Sahihi ikikosekana, mashini inakataa. Njo maana huwezi kuchukua tu Linux kwenye klefu ya USB na kuiweka ku konsoli vile unafanya ku kompyuta ya kawaida.

Kampuni ziko na hesabu yao. Mara mingi konsoli inauzishwa kwa faida ndogo, ao hata kwa hasara, kisha makuta inarudi kupitia michezo. Kila mchezo ukiuzishwa, mwenye konsoli anakata sehemu yake. Mteja anayegeuza konsoli kuwa kompyuta ya kazi hanunui michezo, na kwa ile hesabu yeye ni hasara.

Sisi tuliosoma agronomi tunaijua hesabu ya namna hiyo. Mbegu ya mahindi ya F1 inatoa mavuno mazuri, lakini ukipanda tena punje zake, mimea inatoka tofauti tofauti na mazao yanashuka. Kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Maharagwe ni kinyume: unabakiza mbegu, unampa jirani, naye anapanda. Linux iko upande wa maharagwe. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finlandi, aliitoa mwaka 1991 akiwa na miaka 21. Toka 1992 iko chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman: chukua, soma, badilisha, gawa, paka usimnyime mwenzako haki ile ile uliyopewa wewe.

SONY ILIFUNGUA, KISHA IKAFUNGA

Mbele ya kufika ku mashini za mkononi, lazima tupite kwa konsoli ya nyumbani, juu somo la kwanza linatoka pale. Mwaka 2002 Sony yenyewe iliuzisha Marekani na Ulaya vifaa vya kuweka Linux kwenye PlayStation 2: diski ngumu ya GB 40, klaviye, maus na diski za programu. Mwaka 2006 PlayStation 3 ilitoka na nafasi ya kuweka mfumo mwingine, na nafasi hiyo iliitwa OtherOS. Haukuhitaji kuvunja chochote. Ilikuwa haki iliyokuja pamoja na mashini.

Watafiti waliipenda sana. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha PlayStation 3 karibu 1,760 na kutengeneza kompyuta moja kubwa ya mahesabu, juu ilikuwa rahisi kuliko kununua kompyuta kubwa za kawaida.

Kisha, tarehe 1 Aprili 2010, Sony ilitoa toleo 3.21 la programu ya konsoli, na toleo hilo likaondoa OtherOS. Sababu waliyotoa ilikuwa usalama. Mteja akabaki na njia mbili: akubali, apoteze Linux, ao akatae, apoteze kucheza kwenye mtandao wa Sony. Kitu alichokuwa amelipia kikachukuliwa kutoka mbali, mashini ikiwa imekaa salama nyumbani kwake. Mambo yakafika mahakamani Marekani na yakakaa kule miaka mingi. Wandugu, somo lake ni hili: haki ambayo kampuni inakupa kwa programu, inaweza kuichukua kwa programu.

WALE WALIOANZA KUTENGENEZA WENYEWE

Wakati Sony inafungua na kufunga, watu wengine walifuata njia ingine. Mwaka 2005, kule Korea ya Kusini, kampuni ya Gamepark Holdings ilitoa GP2X, konsoli ya mkononi ambayo mfumo wake wa kiwandani ulikuwa Linux. Ilikuwa na memwari ya MB 64 na ilitumia batri mbili za kawaida, zile za kuweka ku toshi. Hakuna kufuli. Ukijua kuandika programu, unaandika na unaweka. Wengine walilazimisha Linux kuingia hata kwenye Nintendo DS, yenye memwari ya MB 4 tu. Pale hakukuwa na nafasi ya mazingira ya madirisha. Ilikuwa zaidi kuonyesha kwamba inawezekana.

Kutoka kwa wapenzi wa GP2X kukazaliwa mradi ambao mimi naona ni wa maana kuliko yote: OpenPandora. Kikundi kidogo cha watu, kati yao Mjerumani Michael Mrozek na Mwingereza Craig Rothwell, walisema: tuache kungojea kampuni kubwa, tutengeneze wenyewe. Pandora ilikuwa na ekrani ya kugusa ya inchi 4.3, vitufe vya kuchezea, na klaviye kamili chini yake. Memwari ya kwanza ilikuwa MB 256, prosesa ya MHz 600. Ukiiwasha unaweza kuingia kwenye Xfce, mazingira ya madirisha yale yale yanayotumika kwenye kompyuta za Linux zenye nguvu kidogo. Unafungua faili, unaandika, unaingia intaneti, kisha unarudi ku mchezo wako.

Tarehe 30 Septemba 2008 walifungua maombi ya kwanza: mashini 4,000. Watu walilipa mbele. Kisha wakangojea. Masanduku yenye kasoro, vipande vilivyochelewa, kikundi kidogo kisicho na kiwanda chake: mashini za kwanza zilianza kutumwa mwezi wa 5 mwaka 2010, na wengine walingojea zaidi ya pale. Baadaye utengenezaji ulihamishiwa Ujerumani ili kazi iende vizuri. Upande wa programu, mtu alikuwa huru kabisa. Upande wa chuma na plastiki, uhuru ule uliwagharimu makuta na uvumilivu mwingi. Vijana wenye ndoto ya kutengeneza vifaa hapa kwetu wasome hiyo historia vizuri: kuandika programu na wenzako mtandaoni ni jambo moja, kutoa sanduku elfu zinazofanana ni kazi ingine kabisa.

KOSA LISILOREKEBISHIKA

Mwaka 2017 Nintendo ilitoa Switch. Ndani iko na chipu ya Nvidia Tegra X1 na memwari ya GB 4, nguvu ya kutosha kwa mazingira ya madirisha ya kisasa. Nvidia ilikuwa tayari iko na Linux ya chipu za namna hiyo kwa ajili ya bidhaa zake zingine. Kilichozuia ni kufuli peke yake.

Mwanzoni mwa 2018 kikundi cha fail0verflow kilionyesha Switch ikiendesha Linux na mazingira ya KDE Plasma, ekrani ikijibu vidole. Mwezi wa 4 mwaka ule, mtafiti Kate Temkin na wenzake walitangaza kosa walilogundua. Chipu ile iko na hali ya pekee ya kuokoa mashini kupitia waya ya USB. Kwenye hali hiyo, ukituma ombi linalodai data mingi kuliko nafasi iliyotengwa, chipu inanakili bila kupima, na data ya ziada inafunika fasi ambayo haikuwa yake. Pale njo programu yako inapita bila sahihi. Ili kuingia kwenye hali hiyo, watu walitumia kipande cha waya, hata kibanio cha karatasi, kuunganisha pini mbili pembeni mwa konsoli.

Kwa nini Nintendo haikutuma marekebisho? Juu kosa lilikuwa ndani ya ile programu ndogo iliyochapwa kwenye chipu kiwandani. Kilichochapwa pale hakibadilishwi. Mashini zilizokuwa zimeshauzishwa, milioni kwa milioni, zilibaki vile. Nintendo ikarekebisha zile mpya tu. Baadaye watu wa kujitolea wakatoa Ubuntu iliyotayarishwa kwa Switch, unaiweka ku kadi ndogo bila kugusa mfumo wa Nintendo.

Lakini tusijidanganye. Hiyo ni haki iliyopatikana kwa bahati, juu ya kosa la fundi. Mwenye Switch iliyotengenezwa miezi michache nyuma hana njia hiyo. Na Nintendo inaweza kufungia mashini yako isiingie tena kwenye mtandao wake.

VALVE: MADIRISHA TOKA KIWANDANI

Sasa tufike ku mashini inayojulikana zaidi leo. Valve ni kampuni ya Marekani yenye duka la michezo linaloitwa Steam. Mwaka 2012 mkubwa wake, Gabe Newell, alisema wazi kwamba Windows 8 ni balaa kwa watu wa kompyuta. Hofu ilieleweka: kama Microsoft inafungua duka lake ndani ya Windows, siku moja inaweza kumbana Valve. Kumbe hata kampuni tajiri inaweza kuwa mpangaji ndani ya nyumba ya mwingine.

Valve ikageukia Linux. Mwaka 2013 ikatoa SteamOS, iliyojengwa juu ya Debian. Mwaka 2015 makompyuta ya kuchezea yenye mfumo huo yakaingia sokoni, na yakashindwa, juu michezo mingi ilikuwa imeandikwa kwa Windows tu. Hawakuacha. Mwezi wa 8 mwaka 2018 wakatoa Proton, inayotafsiri maombi ya michezo ya Windows yaeleweke na Linux. Msingi wa Proton ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Miaka 25 ya kazi ya watu wa kujitolea njo iliyobeba ile tajiri.

Tarehe 28 Februari 2022 Steam Deck ikaanza kutumwa, bei ya chini ikiwa dola 399. Ekrani ya inchi 7, memwari ya GB 16, batri ya wati-saa 40. Mfumo wake umejengwa juu ya Arch Linux. Bonyeza kitufe cha umeme kwa muda, chagua hali ya kompyuta, na KDE Plasma inafunguka. Hakuna kibanio cha karatasi. Unganisha klaviye na ekrani kubwa kupitia USB-C, weka LibreOffice, weka QGIS kwa ramani za mashamba yako, na kazi inaenda. Sehemu ya mfumo imefungwa isiandikwe ovyo, na programu nyingi zinawekwa kwa njia ya Flatpak, lakini kufuli hiyo mwenye mashini anaweza kuiondoa mwenyewe. Akitaka kuweka hata Windows, hakatazwi.

NA SISI JE?

Sisemi ukimbie kununua Steam Deck. Ilianza kuuzishwa Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, na kuileta huku ni gharama juu ya gharama. Kwa mwanafunzi anayeandika TFC, mashini ya okazyoni yenye klaviye na ekrani ya inchi 14 inasaidia zaidi. Lakini ule mwenye ndugu ng'ambo, ao mwenye konsoli ya namna hiyo tayari nyumbani, ajue kwamba hana mchezo tu mkononi. Na hesabu ya umeme iko vizuri: batri ya wati-saa 40, kazi ya kuandika ikila tuseme wati 8, inakupa masaa 5. Mahali umeme unakuja na kuondoka, masaa 5 si kidogo.

Kuna jambo lingine linatuhusu. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kobalti inaingia kwenye batri nyingi za lithiamu. Koltani yetu inatoa tantali ya vipande vidogo vya elektroniki. Madini inatoka Kolwezi na Masisi bila kufuli yoyote, kisha inarudi kama mashini inayokuambia nini unaruhusiwa kufanya nayo. Hatuwezi kubadilisha hiyo biashara kwa kuandika tu hapa. Lakini tunaweza kununua kwa macho wazi.

Mbele ya kutoa makuta yako, simu ao kompyuta ao konsoli, uliza muuzaji mambo matatu. Naweza kuweka mfumo mwingine bila kuvunja? Batri na diski naweza kubadilisha hapa mjini? Kampuni ikiacha kutuma marekebisho, mashini itaendelea kufanya kazi? Kama hajui, tafuta mwenyewe mbele ya kulipa. Na kama uko na kompyuta ya zamani iliyochoka na Windows, anza na ile: weka Linux yenye Xfce, ile ile waliyoweka watu wa Pandora kwenye MB 256 za memwari. Yako iko na zaidi ya hapo.