Baba wa kwenye cheti na baba wa jandoni

Wadau, kwenye cheti cha kuzaliwa kuna mstari ambao wengi wetu tunaupita bila kuusoma: jina la baba. Leo nataka tuusome, na tuusomee delta ya Rufiji, huko ambako watu wazima wenye ndevu zao wanahangaika kuubadilisha.

Tuanze na Mwingereza. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920. Mzungu na Mwasia walilazimika kuandikisha watoto wao, Mwafrika hakulazimishwa. Mkoloni alitaka kodi ya kibanda chako. Nani kakuzaa halikuwa jambo lake. Baada ya uhuru wajibu ulienezwa kwa wote, wilaya baada ya wilaya, lakini sheria kuandikwa ni jambo moja na kufika kwenye mikoko ni jingine. Sensa ya 2012 ilikuta kwamba Tanzania Bara ni watu 13 hivi katika kila 100 waliokuwa na cheti.

Sasa jiweke wewe mtu wa Mbwera au Salale. Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo wilaya ilikuwa Utete, kusini mwa mto. Unasubiri maji yajae, unapanda boti hadi Nyamisati, unatafuta gari la Kibiti, halafu bado una safari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, hapo Ndundu ulisubiri kivuko. Yote hayo kwa karatasi ambayo kijijini hakuna aliyewahi kukuuliza. Ungekwenda?

Aliyeuliza wa kwanza alikuwa mwalimu. Mwaka 2002 MMEM ilipoanza, ada ya shule ya msingi ikiwa imefutwa, watoto walimiminika darasa la kwanza. Mwalimu ana rejista, anataka majina matatu. Baba yuko wapi? Kaenda kukata boriti, kaenda dago, kaoa kwingine. Basi linaandikwa jina la aliyemshika mtoto mkono asubuhi ile: mjomba, babu, baba wa kambo. Hakuna aliyedanganya. Mjomba ndiye aliyenunua daftari.

Hapo ndipo kisa kilipo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, RITA ikafuata mwaka 2006, na ghafla kijana anayetaka chuo anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa. Aliyepita miaka 10 bila kusajiliwa huleta ushahidi, na ushahidi ulio karibu ni cheti cha kumaliza darasa la saba. Mnaona? Kuzaliwa kunathibitishwa na shule. Kalamu ya mwalimu inageuka rekodi ya wodi ya wazazi, kisha inaingia kitambulisho cha NIDA. Ukija kusema baba si huyu, unapinga ushahidi ulioleta mwenyewe.

Jamaa mmoja mzaliwa wa delta kaniruhusu nieleze yake bila jina. Cheti chake kina jina la mjomba. Baba yake alimwoa mama yake kwa nikaha, wakaachana, baba akahamia Mafia na kufariki huko akiwa ameacha minazi. Ndugu wa upande wa baba wamemwambia: cheti chako kinasema wewe ni mtoto wa fulani, nenda ukarithi kwa fulani. Kwa fulani harithi kama mwana pia, maana Uislamu hauigeuzi nasaba kwa malezi. Yuko katikati kama ngalawa iliyoachwa na maji.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ushahidi inamtambua mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, kuwa wa mume. Vizuri, ila ile nikaha haina cheti. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kuiomba mahakama ithibitishe mzazi, lakini imetungwa kwa mtoto, na mlango wake una umri na muda. Mtu wa miaka 30 haupiti kwa urahisi. Kwake ni hati ya kiapo, barua kwa Msajili, na wenye kupinga wakipinga, mahakama. Vipimo vya vinasaba? Baba yuko kaburini, na ndugu wa kupimwa naye ndio hao hao wanaomkataa.

Kinachonivutia ni kwamba sheria hiyo hiyo ya 2009, inapotaja ushahidi wa uzazi, mbali na jina kwenye rejista inataja pia sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, na baba kukiri hadharani. Mtunga sheria alijua kuwa nchi hii ina rejista nyingine zisizoandikwa. Mwanasheria wa jamaa yangu anataka kujenga hoja hapo hapo: baba alirudi kutoka Mafia kumtia mwanawe jandoni, akalipa ngariba, kijiji kizima kikala wali wake.

Wazee wawili waliokuwapo wako hai. Mmoja haoni tena. Jamaa anatafuta nauli ya boti kuwafikisha Kibiti wakaape kabla ya masika, maana yule mwingine anakohoa.