Kitabu Hujibiwa kwa Kusomwa



Ramadhan ni mwezi wa Qur'ani, na ndio mwezi ambao vijana wetu walioko vyuoni huuliza zaidi maswali kuhusu Qur'ani. Moja wapo ni hili: "Darasani tumepewa kitabu kinachosema kwamba Qur'ani haikukusanywa zama za Masahaba. Tufanyeje?" Wako wanaokasirika na kukitupa hicho kitabu hata kurasa mbili hawajazisoma. Wako na wengine, na hawa ndio wa kuhofiwa zaidi, wanaokiamini kwa sababu tu aliyekiandika ni profesa na kimepigwa chapa Uingereza. Wote wawili wamekosa njia. Hebu tuirudie historia, tuone vitabu vya namna hii vilijibiwa vipi na vilijibiwa na nani.

DESTURI YA WANAVYUONI WETU

Kuhakiki kitabu si jambo geni katika Uislamu. Imam Ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 385 Hijria (995 Miladia), alizipitia Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, akazitaja isnadi alizoziona zina dosari. Hakuna aliyemtoa katika dini kwa hilo. Zaidi ya karne nne baadaye, Ibn Hajar al-Asqalani akakaa kitako, akazijibu zile zinazomhusu Bukhari moja baada ya moja katika utangulizi wa Fat-hul Bari. Pengi alimpinga, na pengine alikubali kuwa hoja ina uzito.

Imam Ghazali naye, kabla hajawarudi wanafalsafa, alitumia karibu miaka miwili kuvisoma vitabu vyao, na huku anasomesha Baghdad. Kisha akakaa karibu mwaka mwingine akiyatafakari aliyoyasoma. Yeye mwenyewe ameyaeleza hayo. Na Ibn Rushd alipomjibu Ghazali, aliyanukuu maneno yake kipande kwa kipande, ndipo akayajibu.

Na hapa kwetu je? Mwaka 1923 padri wa Kianglikana wa Unguja, Godfrey Dale, alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Mwaka 1953 Maahmadia wakatoa yao Nairobi. Masheikh wetu hawakuyakubali mengi yaliyomo humo. Walifanya nini? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kuandika tafsiri yake, ingawa mauti yalimkuta 1947 hajaimaliza. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa Qurani Takatifu nzima mwaka 1969. Kitabu kilijibiwa kwa kitabu.

VITABU VIWILI VYA 1977

Sasa twende London. Chuo cha SOAS wengi wetu tunakijua kwa sababu kimehifadhi miswada mingi ya tenzi za pwani yetu. Hapo alisomesha mtaalamu aitwaye John Wansbrough. Mwaka 1977 alitoa kitabu kiitwacho Quranic Studies. Alidai kwamba Qur'ani haikupata sura yake ya mwisho mpaka karibu miaka 200 baada ya Mtume (S.A.W.), na kwamba mazingira yake yalikuwa Iraq zaidi kuliko Hijaz.

Mwaka huo huo watafiti wawili waliokuwa London, Patricia Crone na Michael Cook, wakatoa Hagarism. Hawa walikwenda mbali zaidi. Waliziweka kando riwaya za Waislamu, wakajaribu kuisimulia historia ya mwanzo ya Uislamu kwa maandishi ya wasiokuwa Waislamu: ya Kiyunani, Kisuriani, Kiarmenia na Kiebrania. Wakafikia kusema kwamba Uislamu ulianza kama harakati ya Waarabu na Mayahudi pamoja ya kuikomboa Yerusalemu, na kwamba Makka ilikuja kupewa cheo chake baadaye. Wenyewe walijua kwamba hakuna Muislamu atakayeyakubali hayo, na hawakuficha.

Mtu akiyasikia haya leo hudhani ulimwengu mzima wa Magharibi uliyapokea kwa makofi. La hasha!

WAHAKIKI WALISEMAJE?

Katika vyuo vikuu, kitabu kipya cha elimu ya dini hakimalizi safari yake kikitoka kiwandani. Hupelekewa wataalamu wengine wa fani hiyo, nao huandika uhakiki wao katika majarida. Hapo ndipo kitabu hupimwa.

Hagarism ilipopimwa, mmoja wa waliouandika uhakiki mwaka 1978 alikuwa Wansbrough mwenyewe. Huyu ndiye ambaye fikra zake ziliwapa moyo waandishi wale, na ungetarajia angewatetea. Yeye akauliza: inawezekanaje kuijenga historia ya watu kwa maneno machache ya wageni, tena wengi wao maadui, waliokuwa wakiandika kwa kufuata mikondo ya mabishano yao wenyewe? Kwa mfano, andiko la Kiyunani walilolitegemea sana, ambalo kisa chake kinawekwa mwaka 634, liliandikwa ili kuwashawishi Mayahudi waingie Ukristo. Habari za Waarabu zimetajwa humo kwa kupita tu.

Mwingine alikuwa R. B. Serjeant, profesa wa Kiarabu wa Cambridge. Huyu hakujifunza Kiarabu kwa vitabu pekee. Aliishi na watu wa Yemen na Hadhramaut, akakusanya mashairi yao na kuandika juu ya masharifu wa huko, ambao jamaa zao wako Lamu na Mombasa hadi leo. Hakuwa Muislamu. Lakini alikihukumu kitabu kile kwa ukali kuliko masheikh wengi: aliona kimejaa chuki dhidi ya Uislamu na dhidi ya Waarabu, na elimu yake imepotoka.

Crone alipotoa kitabu kingine mwaka 1987, akikanusha kwamba Makka ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya manukato na viungo, Serjeant alimwandama tena katika uhakiki mrefu wa mwaka 1990. Mama naye hakunyamaza, akamjibu kwa makala mwaka 1992. Lakini angalia mambo yanavyokwenda. Mwaka 2007 Crone huyo huyo aliandika kwamba biashara ya ngozi ya Makureshi huenda ikawa na uzito, kwani jeshi la Warumi lilihitaji ngozi nyingi. Na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba hakuna shaka Muhammad aliishi, na kwamba tunaweza kuwa na yakini ya kutosha kuwa Qur'ani ni maneno aliyoyatamka yeye akiamini ni wahyi. Hakusilimu, wala hakuzikubali riwaya zetu zote. Alifariki 2015. Lakini umbali kati ya 1977 na 2006 si mdogo, na aliusafiri kwa kusomwa, kupingwa na kulazimika kurudi kwenye ushahidi.

USHAHIDI ULIOFUATA

Mjadala ule uliwafanya watu watafute, na walipotafuta wakapata. Mwaka 1997 Robert Hoyland, aliyekuwa mwanafunzi wa Crone, aliyakusanya maandishi ya wasiokuwa Waislamu katika kitabu kimoja kikubwa. Yakasomwa yote, si machache ya kuchaguliwa. Mengi hayaivunji historia yetu, bali yanakutana nayo. Mwandishi mmoja wa Kiarmenia wa karne ya saba, kwa mfano, anamtaja Muhammad kwa jina, kuwa ni mfanyabiashara aliyewaita watu kwa Mungu wa Ibrahim, akawakataza mizoga, ulevi, uongo na zinaa.

Mwaka 1998 Fred Donner aliuliza swali jepesi lakini zito: kama Qur'ani ilitungwa Iraq miaka 200 baadaye, mbona haizitaji fitina za ukhalifa zilizowagawa Waislamu wakati huo? Mwaka huo huo Estelle Whelan alikumbusha kwamba aya za Qur'ani zimeandikwa ndani ya Qubbatus Sakhra, Yerusalemu, tangu mwaka 72 Hijria. Mwaka 2015 kurasa za Qur'ani zilizoko Birmingham zilitangazwa kuwa ngozi yake, kwa kipimo cha kaboni, ni ya kati ya 568 na 645. Tuwe waangalifu hapa: kipimo hicho hupima ngozi, hakipimi wino. Hata hivyo nadharia ya miaka 200 leo ina watetezi wachache sana.

Waislamu nao hawakukaa tu. Joseph Schacht alidai mwaka 1950 kwamba hadithi nyingi za fiqhi zilizushwa baadaye. Mhindi mmoja, Muhammad Mustafa al-Azami, alikwenda Cambridge akapata udaktari wake mwaka 1966 kwa utafiti juu ya uandishi wa hadithi zama za mwanzo. Mwaka 1985 akatoa kitabu kizima cha kumjibu Schacht, hoja kwa hoja, akionyesha pale alipozisoma vibaya rejea zake. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane, lakini hawezi kusema hakusoma.

SOMO KWETU VIJANA

Allah ametuamrisha tuhakikishe habari tunapoletewa (Al-Hujurat, 6), na ametukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kukosa uadilifu (Al-Maida, 8). Aya hizi mbili zinamtosha mhakiki. Ya kwanza inamzuia kuamini ovyo, na ya pili inamzuia kukataa ovyo.

Basi ukipewa kitabu kama hicho, kwanza tazama kimetoka mwaka gani, kisha utafute wenzake mwandishi walisema nini. Huenda ukakuta hoja inayokutisha leo ilishajibiwa kabla hujazaliwa, na aliyeijibu si Muislamu. Usiione aibu kusoma polepole. Ghazali alitumia miaka miwili, wewe unataka umalize kwa jioni moja?

Na tusiwahakiki wengine peke yao. Vitabu vyetu vya mihadhara na vijitabu vinavyouzwa nje ya misikiti baada ya Ijumaa, ni nani anayevipima? Mara nyingi husifiwa tu, hata vikiwa na tarehe za uongo na hadithi zisizokuwa na asili. Ikiwa isnadi za Bukhari zilihakikiwa na Bukhari akabaki Bukhari, sisi ni nani hata tusihakikiwe?

Allah atutakabalie funga zetu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.