Awara Mbele ya Macho ya Leo

Miongoni mwa sinema za Kihindi zilizopata kuonyeshwa katika Afrika ya Mashariki, ni chache zilizopendwa kama Awara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951. Watu wa Unguja waliyajaza majumba ya sinema kwa ajili yake, na wengi waliirudia tena na tena. Huko Bara televisheni haikuanza mpaka mwaka 1994, kwa hiyo mapenzi ya kwenye picha yalitazamwa hadharani, katika umati.

Kisa chake ni hiki. Jaji Raghunath anamfukuza mkewe mja mzito kwa shaka kwamba mimba ni ya Jagga, mhalifu aliyemteka nyara. Imani ya jaji ni ile ya methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtoto huyo, Raj, analelewa katika ufukara, na Jagga mwenyewe ndiye anayemfundisha wizi. Baadaye anampenda Rita, ambaye mlezi wake ni jaji yule yule.

Je, kijana wa Mvumi, katika nchi ya Ugogo, akiitazama leo ataona nini? Hapana budi ataona kwanza kasoro yake. Ufukweni Rita anamwita Raj mshenzi, naye Raj anampiga makofi. Kisha badala ya kwenda zake, Rita anamwangukia miguuni. Sinema inalionyesha tendo hilo kana kwamba ni ukali wa mapenzi. Mtazamaji wa leo analiona kuwa ni dhuluma, naye hakosei.

Lakini shauri kubwa la Awara halikuchakaa. Katika desturi ya kale ya Wagogo, ng'ombe wa mahari walichangwa na ndugu wa kuumeni na wa kukeni wa bwana arusi, wakagawanywa kwa jamaa za bibi arusi. Na mtoto wa mke aliyeolewa kwa ng'ombe hao alikuwa mtoto wa mume. Kwa kipimo hicho jaji hana udhuru: amemnyima mwanawe ukoo ambao mzee wa Mvumi angalimpa bila kuuliza habari za damu.

Hata hivyo, ndoa iliyofungwa na koo mbili haikumwachia binti nafasi kubwa ya kusema. Hapo ndipo Rita anapomfaa kijana wa leo. Akiwa mwanasheria, anamtetea Raj, na kumhoji mlezi wake mwenyewe mbele ya mahakama. Mwanamke aliyenyamazishwa ufukweni ndiye anayemlazimisha jaji kujibu.

Raj hasamehewi, anahukumiwa kifungo cha miaka 3, na Rita anaahidi kumngoja. Hakuna arusi. Basi Awara itazamwe leo pamoja na makofi yake, yasifichwe wala yasitetewe. Kwa maana sinema iliyotambua kwamba mtoto hazaliwi mwizi haikutambua bado kwamba mpenzi hapigwi.