Taa ya Kinga: Mwanga na Mwendo katika Historia ya Lubumbashi

Msomaji wa pwani akifika Lubumbashi atakutana na maneno mawili anayoyajua, ila kwa maana asizozizoea. Kwake yeye, kinga ni hifadhi, au ni kipande cha ukuni kinachowaka. Makala ni maandishi kama haya. Kwa wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, kinga ni baiskeli, neno linalolingana na incinga ya Kibemba, na makala ni makaa ya kupikia. Maneno hayo yakiwekwa pamoja hutupa picha ya mtu anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia ya makaa, akielekea mjini kabla ya mapambazuko. Hapa tunakusudia kuonyesha kwamba taa ya baiskeli, kwa muda mrefu, haikubuniwa kwa ajili ya mtu huyo.

Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville hadi mwaka 1966, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule ambao reli kutoka kusini iliwasili. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji nguvu za kuendeshea mitambo yake, na kituo cha umeme cha Mwadingusha kwenye mto Lufira kilianza kazi mwaka 1930. Baada ya uhuru ulijengwa mkondo wa umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, uliokamilika mapema katika miaka ya 1980. Umeme huo ulilengwa kwanza kwa shaba. Vijiji vingi vilivyopitiwa na nyaya hizo vilibaki gizani, na nyumba nyingi za mjini ziliendelea kupikia makala. Kadiri misitu ya miombo ilivyokatwa, ndivyo tanuru za makala zilivyosogea mbali, na safari ya kinga ikarefuka.

Taa za kwanza za baiskeli duniani zilitumia mafuta, kisha gesi ya kabidi, ile ile iliyowaangazia wachimba migodi. Baadaye ikaja dinamo, ambayo kichwa chake husuguana na tairi na kutoa volti 6 na wati 3. Ilimfaa karani au mwalimu aliyepanda baiskeli kwenda kazini. Lakini kinga yenye magunia husukumwa kwa miguu. Kwa mwendo huo dinamo hutoa mwanga hafifu, na msukumaji akisimama kupumzika kando ya barabara, taa huzimika kabisa, tena wakati ule anaouhitaji zaidi. Kwa ufupi, dinamo ilibuniwa kwa mpandaji, si kwa msukumaji.

Upungufu huo ulizidi kuwa hatari kadiri barabara ilivyobadilika. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilianguka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilileta kampuni mpya. Reli ilikuwa imechakaa, hivyo shaba na kobalti zikapakiwa katika malori yaelekeayo mpakani Kasumbalesa. Msukumaji wa makala akajikuta katika barabara moja na malori hayo. Tangu hapo, kuiona njia hakukutosha; ilimlazimu naye aonekane.

Dawa ya tatizo hili inapatikana katika lori lenyewe. Balbu kubwa ya lori hutumia volti 24 na wati 70 hivi, mzigo ambao dinamo haiwezi kuubeba. Taa za LED, yaani diodi zitoazo mwanga, zimebadili hesabu hiyo. Diodi nyekundu ilionyeshwa mwaka 1962. Diodi ya buluu yenye mwanga mkali, iliyowezesha mwanga mweupe, ilipatikana katika miaka ya 1990, na Akasaki, Amano na Nakamura wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Taa ndogo nyekundu ya ubavuni au nyuma ya lori, ikiwa ya LED, hutumia wati chache tu, na nyingi hukubali volti 10 hadi 30. Kwa hiyo betri ya pikipiki ya volti 12 huiwasha usiku kucha, kinga ikienda au ikisimama, na paneli ndogo ya jua huijaza mchana.

Lakini taa ifungwe nyuma ya magunia, si chini ya kiti ambako mzigo huifunika. Na zikiwa mbili, zikae kingoni ili dereva aujue upana wa mzigo. Taa kali nyeupe ya mbele ya lori haifai: humpofusha dereva yule yule ambaye msukumaji anataka amwone.

Taa haichukui nafasi ya njia ya pembeni, ambayo serikali inawajibika kuijenga. Hata hivyo, wahenga wa pwani walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wasukumaji wakifuatana, taa moja nyekundu kwenye kinga ya mwisho huwalinda wote walio mbele yake.