Wetherill: jina la kitongoji cha Sydney na waliolibeba

Wetherill Park, kitongoji kilicho magharibi mwa Sydney nchini Australia, hujulikana zaidi kwa viwanda na maghala yake. Jina limetokana na John Wetherill, mmiliki wa ardhi wa karne ya 19. Kabla yake nchi hiyo ilikuwa ya watu wa Darug.

Wengine mashuhuri wenye jina hili ni Wamarekani. Samuel Wetherill (1736-1816), mwenye kiwanda mjini Philadelphia, alitengwa na Waquaker, dhehebu linalopinga vita na lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya, kwa kuunga mkono mapinduzi dhidi ya Uingereza.

Aliyevuma kuwapita wote ni Richard Wetherill (1858-1910), mfugaji wa Colorado. Tarehe 18 Desemba 1888, yeye na shemeji yake Charlie Mason, wakitafuta ng'ombe waliopotea, waliiona Cliff Palace, makazi ya mawe yaliyojengwa chini ya jabali na mababu wa Wapueblo. Vitabu vingi humwita mgunduzi. Neno hilo lina walakini, kwani Acowitz, mtu wa kabila la Ute, alikwisha kuwasimulia akina Wetherill habari za majengo hayo.

Richard aliuawa kwa risasi huko Chaco Canyon mwaka 1910. Vitu vilivyochimbwa Mesa Verde mwaka 1891 na Gustaf Nordenskiöld, kwa msaada wa familia hiyo, viliishia Helsinki. Mwaka 2020 Finland ilirejesha mabaki ya watu 20 na vifaa 28 vya makaburini, vikazikwa upya palepale. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo imebaki Helsinki.