Misalaba ya Wala Shaba

Kutoka Kalembe, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale, hadi Bunkeya kule Katanga ni takriban kilomita elfu moja kuelekea kusini. Walikale ni nchi ya bati na koltani. Katanga ni shaba, na zamani mchimbaji aliitambua kwa macho tu: palipo na mawe ya kijani, yaani malakaiti, ndipo pa kuchimba.

Kazi ilisubiri kiangazi, mtama ukishavunwa. Wanawake na watoto waliokota mawe ya juu juu, wanaume wakashuka mashimoni na kuchoma makaa. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, maana huo hauogopi moto, na mivukuto ya ngozi ikapuliza mpaka shaba ikayeyuka. Inahitaji nyuzi 1,085 za Selsiasi. Mafundi hao, waliojulikana kama wala shaba, walikuwa na chama chao na miiko yake.

Baada ya moto, mchanga. Fundi aliushindilia, akachimba ndani yake umbo la msalaba, akamimina. Unyevu ulitakiwa uwe wa kushikanisha tu. Maji yakizidi, mvuke huirusha shaba usoni mwa mtu. Kwa kuwa kalibu ilikuwa wazi, upande wa chini ulichukua sura ya mchanga, wa juu ukaganda hewani na makunyanzi yake.

Wamisionari hawahusiki na umbo hilo. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta misalaba ya shaba katika makaburi ya kati ya karne ya 13 na ya 18. Ya mwanzo ni mikubwa na michache. Kadiri miaka inavyosogea inakuwa midogo, inalingana, tena mingi pamoja, karibu na mikono ya marehemu. Mwanaakiolojia Pierre de Maret aliona hapo pambo likigeuka pesa, nami naona hoja yake ina nguvu: kitu kisicholingana hakihesabiki.

Katika karne ya 19 misalaba ya karibu kilo moja ilikuwa mali ya biashara, na Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, aliitawala biashara hiyo kutoka Bunkeya. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa 1906. Kufikia 1911 tanuri lake la Lubumbashi lilikuwa likitoa shaba, na mafundi wa mchanga hawakuwa na kazi tena. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alichapisha maelezo ya ufundi wao mwaka 1926.

Katanga ya Moïse Tshombe ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake. Mwaka uliofuata msalaba ukaingia kwenye sarafu za franka 1 na 5, zilizopigwa kwa mashine.